Neno la Mama Ndani ya Diski

Mama yetu alikufa akiwa ameacha neno la harusi ya kitindamimba wake ndani ya kompyuta. Mimi, mtoto wa kwanza, ndiye niliyeachiwa kulichunga, na mimi ndiye sikuruhusiwa kulisikia.

Kwetu msichana akikaribia kuolewa, wanawake wa ukoo humfungia chumbani na kumpa mashauri. Wanaongea tangu asubuhi, wanaimba, wanacheka, wakati mwingine msichana analia, na mwanaume hata akiwa na kiu haendi kugonga mlango huo kuomba maji. Neno la mwisho ni la mama mzazi. Baada ya neno hilo mlango unafunguliwa. Mama mkubwa anaweza kutoa mashauri yote, majirani wanaweza kuongeza yao, lakini lile la mwisho hakuna anayelisema kwa niaba ya mama. Yatima wengi wanatoka chumbani bila kulipata. Mama hakutaka wa kwake atoke hivyo.

Baba alikuwa ametangulia. Mama alikuwa akitulisha kwa sekretaria, kile kibanda cha kuchapa na kupiga fotokopi ambacho wanafunzi wa chuo kikuu huleta kazi zao za mwisho wa masomo, na watu wengine barua za kuomba kazi. Alipoanza kuugua aliendelea kuchapa akiwa amejifunga shuka mabegani, katikati ya joto la mwezi wa kumi. Kisha ikafika Jumapili moja, wakati watu wako kwenye misa na barabara imetulia, akaniomba nimshike mkono nimpeleke kibandani. Aliwasha kompyuta, akachomeka zile simu za masikioni zenye kipaza sauti kidogo, akaniambia nitoke nifunge mlango.

Nilitoka na bidoni tupu, lile dumu la maji, nikaigeuza, nikakaa juu yake mlangoni. Nikamsikia akikohoa. Kisha nikamsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza, na hapo nikasimama. Nilibeba bidoni yangu nikavuka barabara, nikakaa upande wa pili, mahali ambapo niliweza kuuona mlango lakini sikuweza kusikia kitu. Hakuniambia nivuke. Niliona tu kwamba ndivyo inavyopaswa.

Alikaa humo kwa muda mrefu. Alipofungua alikuwa amechoka hata hakuweza kuinua mkono kuniita. Alisimama tu pale mlangoni mpaka nikavuka.

"Iko mule," akaniambia. "Ni ya siku yake. Weye uko mwanaume, usisikie. Na usiache mutu wa ovyo asikie. Chunga tu."

"Nitachunga, mama."

Kitindamimba wetu wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mama hakumaliza msimu ule wa mvua.

Mimi niliacha shule nikashika kibanda. Nilijifunza kuchapa kwa vidole viwili, kisha vinne, na sikuwahi kufika kumi. Wadogo zangu walikula kwa vidole hivyo, wakavaa sare za shule, wakaugua malaria wakapona. Mtu akiniuliza niliishi vipi miaka ile, sina la kumweleza zaidi ya hilo.

Kompyuta ya mama ilizeeka. Wanafunzi walileta flashi zenye virusi vya kila aina, na nikaogopa. Nilipopata mashine nyingine ya mtumba niliiondoa ile ya kwanza kibandani kabla haijaharibika. Niliifunga ndani ya kitenge cha mama, nikaipeleka nyumbani, mtaa wa Kasungami, nikaiweka juu ya kabati. Watu wameniuliza kwa nini sikunakili lile faili mapema mahali pengine. Mahali gani? Flashi ni kitu kinachozunguka. Kinakaa mfukoni, kinaazimwa, kinachomekwa katika mashine ya mtu, na kijana wa siku hizi akiona faili lazima alifungue. Neno la mama chumbani halinakiliwi kama wimbo. Mashine iliyozimwa na kufungwa kitenge niliiona kama nyumba iliyofungwa kwa ufunguo, na ufunguo ninao mimi.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, ukoo wa kijana mmoja ulileta mahari ya mdogo wetu. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuja kutoka Mokambo ambako anafanya biashara ya mpakani. Alikuwa bado hajavua viatu alipouliza:

"Neno ya mama yenu iko?"

"Iko, mama mukubwa."

"Umeiona kwa macho?"

"Iko mu ordinateur. Nimeichunga."

Alilitazama lile furushi juu ya kabati, akatikisa kichwa taratibu. "Basi uamushe hiyo ordinateur mapema. Bintu bya kulala sana binasahau kuamuka."

Niliiamsha siku iliyofuata. Taa yake iliwaka, feni ikazunguka ikatoa vumbi jekundu la Kasungami, kisha kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja ukipepesa. Nikazima, nikawasha. Nilifanya hivyo mpaka mdogo wangu akaja kusimama nyuma yangu, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, inakataa?"

"Inakumbuka kwanza."

Hakucheka. Alikuwa amekua akijua kwamba juu ya kabati kuna sauti ambayo ni yake peke yake. Wasichana wenzake walikuwa na picha za mama zao ukutani. Yeye alikuwa na kabati. Akiwa mdogo, aligombana na mtoto wa jirani aliyemwambia kwamba mama yake hayupo, akamjibu kwamba yupo, ila hajaongea bado.

Niliipeleka mjini kwa fundi ninayemjua, ambaye karakana yake iko ndani ya kontena karibu na soko. Huyu amesoma ufundi wa kompyuta, anaujua, na si mtu wa kuficha asichokijua. Mlangoni kwake mama mmoja anakaanga mikate, ile midogo ya mviringo ya mafuta, na harufu yake imeingia hata kwenye kibodi za wateja.

Fundi alifungua mashine, akapuliza, akanionyesha diski. Ilikuwa ya aina ya kale, yenye waya mpana bapa ambao mashine za sasa hazina pa kuuchomeka. Adapta ya kuuunganisha haikupatikana mjini, kwa hiyo isingeweza kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Ilibidi isomwe ndani ya mashine ya mama yenyewe. Mfumo uliokuwa ndani ulikuwa umevunjika, hivyo fundi aliwasha mashine kwa flashi yake yenye Linux, mfumo wa bure ambao mafundi wengi hutembea nao. Maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo. Yakasimama. Baada ya kitambo ukatokea mstari mmoja: *lost interrupt*. Kikapita kitambo kingine, ukatokea tena uleule. Kisha tena.

"Inasema nini?" nikauliza.

"Inasema ishara inapotea." Fundi alivuta kiti. "Sikia, mukubwa. Disque ikimaliza kazi, inagonga mulango ya processeur, ile bongo ya machine. Inasema: niko tayari, kuja kamata. Kugonga vile njo banaita interruption. Sasa huyu mwenye nyumba eko anangojea, anangojea, hasikie mutu. Anachoka, anaanza tena mwanzo."

"Ni disque haigonge, ao mwenye nyumba ni kiziwi?"

"Hapo njo penye mateso."

Aliamini kwanza kwamba ni diski. Alibadilisha ule waya bapa, akasugua meno ya kiunganishi kwa kifutio cha penseli, akaleta kisanduku kingine cha umeme. Kila mara mstari ule ulirudi. Nami nilirudi Kasungami bila jibu, na mdogo wangu hakuniuliza kwa mdomo. Alitazama tu kama mikono yangu imebeba kitu. Siku za mashauri zilikuwa zinakaribia. Nyumbani wanawake walikwisha kuanza kupanga nani ataleta unga na nani ataleta samaki, na kila walipozungumza kuhusu siku yenyewe walimalizia na "kisha tutasikia mama."

Nilianza kulala vibaya. Nilikuwa nimechunga kitu miaka yote hiyo, nimekifuta vumbi, nimekihamisha mvua ilipovuja, na sasa nilikuwa sijui kama nilichunga neno au bati tupu.

Siku moja fundi alinipigia simu akiwa na sauti ya mtu aliyekula. Nikaenda mbio.

"Disque haiko mugonjwa sana," akasema. "Mugonjwa ni kernel."

Kernel, alinieleza, ndiyo kiini cha mfumo, kile kinachoongoza kila kifaa ndani ya mashine. Viini vya sasa vina njia yao mpya ya kugawa zile ishara, na ubao wa mashine ya mama ulitengenezwa kabla njia hiyo haijatengemaa, kwa hiyo unaelekeza vibaya. Diski inagonga mlango huu, na kernel inasikiliza mlango ule. Kila ishara inapopotea, diski inaamriwa isome upya palepale, na kule kusoma upya ndiko kunakoichosha. Kulikuwa na neno la kuandika wakati wa kuwasha, *irqpoll*, la kubadilisha mpangilio huo.

"Nikiandika hii, kernel haingojee kugongewa tena," fundi akasema. "Itakuwa inazunguka yenyewe, inauliza kila mutu: weye uko na kintu? Na weye? Na weye? Inachelewesha kazi, lakini hakuna anayesahauliwa."

Nilimwambia kazi hiyo naijua. Ndivyo nilivyolea. Watoto wenye mama huita. Wale wa kwangu walikaa kimya na njaa yao, na mimi nilizunguka kuuliza.

Aliandika lile neno. Maandishi yakashuka, yakapita pale yalipokuwa yanasimama, na orodha ya mafaili ya mama ikatokea kwenye kioo. Kazi za wanafunzi ambao sasa ni wazazi. Barua za watu. Katikati yake, jina la mdogo wangu, lile la utani ambalo mama peke yake alimwita. Sikuwa nimeliona likiandikwa popote. Ilinibidi nitoke nje ya kontena.

"Papa, unalia juu ya moshi yangu?" mama wa mikate akaniuliza.

"Ni moshi, mama."

"Eh, moshi yangu ilisha kuliza bantu bengi. Kamata mukate."

Fundi hakutaka kulifungua faili wala kulinakili kwa njia ya kawaida, kwa sababu diski ilikuwa imechoka. Alichomeka flashi mpya, akatumia programu ya kuokoa, ambayo inachukua kwanza panaposomeka, na panapogoma inaruka na kuacha pengo, ili irudi baadaye. Ilianza kwa mwendo wa kobe. Tulikaa tukiitazama. Kisha feni zote za kontena zikanyamaza kwa pamoja, na soko zima likapiga kelele ileile inayopigwa kila siku. Délestage. Zamu yetu ya kukatiwa umeme ilikuwa imefika kabla ya saa yake.

Diski ilitoa mlio mdogo ilipokuwa inasimama, kama kijiko kikigusa sahani. Fundi aliusikia, nami nikamwona ameusikia.

Umeme uliporudi, wateja wote wa fundi nao walirudi. Kila mmoja alitaka kuchaji, kuchapisha, kufunguliwa simu, kabla haujakatika tena. Aliwasha mashine ya mama, akaiambia programu iendelee pale ilipoachia, akageukia watu. Nilikaa mbele ya kioo kama mlinzi. Safari hii kazi ilikwenda kwa haraka kuliko mwanzo. Nilimwita nikamwonyesha, naye akiwa na simu ya mtu mkono mmoja na bisibisi mkono mwingine akasema, "Voilà, leo courant iko na nguvu." Tulilisifu shirika la umeme, jambo ambalo katika mji huu halifanywi na mtu mwenye akili timamu. Ilipomaliza, fundi alilinganisha faili la kwenye diski na lile lililo kwenye flashi mpya. Ukubwa ulikuwa sawasawa, haukupungua hata herufi.

"Sasa tusikie kama iko muzima," akasema, akanyoosha mkono kwenye kipanya.

Nilimshika mkono. "Hapana."

"Mukubwa, bila kusikia tutajua namna gani?"

"Ni neno ya banawake."

Alinitazama, akaona kwamba sitanii. Ana dada, naye anajua. Akarudisha mkono. Tulibaki hapo, wanaume wawili mbele ya sauti ambayo hakuna kati yetu aliyeruhusiwa kuisikia, mpaka harufu ya mikate ikatukumbusha kwamba mlangoni kuna mwanamke.

Nilipiga simu Mokambo. Mama mkubwa alikuwa amerudi huko kumalizia bidhaa zake kabla ya siku yenyewe. Niliweka simu wazi ili wote wasikie.

"Nani anataka kusikia neno ya mudogo wangu?" akauliza mama mkubwa nilipomweleza.

"Ni mama mumoja, anauzisha mikate hapa ku fundi. Tunataka tu kujua kama sauti iko."

"Eko na batoto?"

"Beko bengi!" akajibu mama wa mikate mwenyewe, akifuta mikono kwenye aproni.

"Na bwana yake alimutolea mahari, ao balijiokotana tu mu njia?"

"Aa! Mumuambie mahari yangu ilikuwa na machine ya kushona! Na mbuzi! Ile mbuzi ilikatika kamba, bakwe bote balikimbia nyuma yake na makoti, mupaka ku soko!"

Fundi alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Hata mama mkubwa alisikika akicheka huko mpakani. Kisha sauti yake ikarudi kuwa nzito.

"Sikia, mama. Unasikia mwanzo tu. Ukijua ni yeye, unatoa ile kintu ku masikio. Neno ya mwisho haisikiwe mara mbili, na haisikiwe na mugeni mbele ya mwenyewe."

"Nimeelewa, mama. Hata mimi niliingia mule ndani."

Alikaa kwenye kiti cha fundi, mnene, mwenye unga kwenye kope, akavaa zile simu za masikioni. Fundi na mimi tuligeukia ukuta. Nilisikia kipanya kikibofywa. Kisha sikusikia kitu, ila mafuta yake yakichemka nje.

Nilipogeuka alikuwa amekwisha kuvua. Hakuwa yule wa mbuzi tena.

"Iko," akasema. "Sauti iko muzuri. Anakohoa kidogo, kisha anaita mutoto." Akasimama. "Ulikuwa na mama, papa."

Alikwenda akageuza mikate yake iliyokuwa imeungua upande mmoja, akaila mwenyewe.

Nilirudi nyumbani na mashine, na usiku ule nililala. Flashi nilimpa mdogo wangu mkononi mwake, akaifunga kwenye pindo la kitambaa akaiweka chini ya mto, na mpaka siku ya mashauri sikuishika tena.

Siku ya mashauri wanaume tulikaa uani, mbali. Wanawake waliingia mapema. Tulisikia nyimbo, tukasikia vigelegele, na vicheko vile ambavyo vinafanya wanaume waangalie viatu vyao. Mchana ukapita. Kisha nyimbo zikaisha, pakatulia, nami nikajua kwamba wamefika mwisho. Nilikuwa nimewaazima kompyuta ndogo ya kibandani na spika yake, nimeichaji mpaka juu, na jenereta ya jirani ilikuwa tayari endapo itahitajika. Sikuwa nimeacha kitu.

Kimya kile kiliendelea. Nilikumbuka Jumapili ile na bidoni yangu, na muda mrefu ambao mama alikaa ndani. Nikahesabu kichwani kwamba lazima kiwe kirefu. Wanaume wenzangu walikunywa taratibu. Mmoja wao, mjomba wa bwana harusi, akasema, "Mama yenu alikuwa na maneno mengi ya kuacha," nami nikajisikia vizuri mwilini, jambo ambalo sikulizoea. Nilifikiri: anaongea. Baada ya miaka yote hii, nyuma ya mlango ule, mama yangu anaongea na mtoto wake, na mimi nimekaa nje kama alivyoniweka.

Mlango ulifunguliwa bila vigelegele.

Mama mkubwa alitoka peke yake, akaja mpaka niliposimama, akanivuta kando kwenye ukuta wa jikoni.

"Alimuita jina," akaniambia. "Akamuambia akuye karibu. Kisha akanyamaza."

"Akanyamaza namna gani?"

"Akanyamaza, mwanangu. Tulisema anapumuzika, ju alikuwa mugonjwa. Tukangojea. Mashine ilikuwa inaonyesha kama inaendelea, kale kamustari kalikuwa kanatembea. Hakuna mwenye alitaka kugusa. Mutoto alikuwa ameweka sikio pale ku spika. Tukangojea mupaka kamustari kalifika mwisho."

Walikuwa wamesikiliza ukimya wote. Kwa muda ule ambao mimi nilikuwa nikifurahi uani, walikuwa wamekaa ndani wakimpa mama nafasi ya kupumua.

Nilirudi kwa fundi na flashi aliyonipa mama mkubwa, mashine ikiwa nyuma ya pikipiki, hata sikungoja watu waondoke. Alichomeka flashi ile, akatazama faili bila kulisikiliza, kwa namna ya mafundi, yaani tarakimu zake tupu. Mwanzo kulikuwa na tarakimu za kila aina. Kisha sifuri. Alishuka chini, sifuri, akashuka, sifuri, mpaka mwisho wa faili. Pengo lile ambalo programu huacha panapogoma lilikuwa limechukua karibu faili zima, na ndiyo maana ukubwa ulilingana.

Alikaa akishika kichwa, kisha akaelewa, akanieleza bila kuficha. Lile neno la kuwashia alikuwa ameliandika ndani ya mipangilio ya flashi yake, akiamini litakumbukwa. Lakini mfumo wa aina ile wa kutembea nao haukumbuki kitu; ukizimwa unasahau yote. Umeme ulipokatika, neno lilikwenda nao. Mashine ilipowashwa tena ilirudi kuwa kiziwi; safari hii ilichechemea mpaka ikafunguka, na mistari ya makosa ikabaki nyuma ya dirisha la programu, hatukuiona. Programu iligonga mwamba, ikaruka, ikagonga tena, ikaruka mbali zaidi, na kule kuruka ndiko tulikokuona mimi naye kama haraka. Kilichookolewa ni kile kipande cha kabla ya umeme kukatika. Ni kile alichosikia mama wa mikate. Angesikiliza zaidi kidogo tu, siku ile diski ikiwa bado inasomeka, angetuambia.

"Weka ile neno tena," nikamwambia. "Anza upya."

Aliliandika. Aliliandika polepole, akalisoma kwa sauti, akabonyeza. Diski ilizunguka, ikagonga, ko, ko, ko, ikasimama. Akajaribu tena. Mistari ya ishara kupotea haikutokea safari hii. Kernel ilizunguka kuuliza kama ilivyoamriwa, na hakukuwa tena na wa kuijibu.

Mama wa mikate alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameelewa kutokana na nyuso zetu.

"Papa, mimi nilitii vile balinikataza," akasema. "Nilitaka kusikia. Mungu anajua nilitaka kusikia yote."

"Najua, mama."

"Alikuwa na sauti ya mutu anayetaka kusema sana."

Hilo angeweza kuniachia asiniambie, lakini nafikiri ilimlemea.

Harusi ilifanyika. Mdogo wetu alipendeza, na watu walikula wakashiba. Siku chache kabla hajahamia kwa mume wake alikuja kibandani jioni, akanikuta nachapa. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kile kitambaa chake mkononi, chenye flashi ndani. Hajaifuta na amenikataza nisiifute.

"Yaya," akasema, "siku ile weye njo ulikuwa ku mulango."

"Ndiyo."

"Alikuwa mule ndani, na mulango ya mbao ile. Haukusikia hata kintu? Hata neno moja? Mimi siwezi kusema kwa mutu. Niambie tu."

Nilimtazama. Ana macho ya mama, na mabega yale yale yanayoinama mbele kidogo. Ningempa chochote. Ningeweza hata kutunga, niseme mama alisema hivi na hivi, naye angelibeba maisha yake yote, wala hakuna aliye hai ambaye angenikanusha. Lakini lingekuwa neno langu, na alikwisha kula maneno yangu tangu utotoni.

"Nilihama," nikamwambia. "Nilibeba bidoni nikavuka barabara, ili nisisikie."

Alitazama nje, ng'ambo ya barabara, mahali penyewe. Siku hizi pana kibanda cha kuuza vocha za simu.

"Ulifanya muzuri, yaya," akasema.

Alisema kwa upole, kama ambavyo amefundishwa kumjibu mkubwa, akainuka, akaniaga kwa mikono miwili. Nilibaki na vidole juu ya kibodi. Mteja aliyekuwa anangojea kazi yake aliniuliza kama umeme umekatika, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kuchapa, nikamwambia hapana, upo.